Kuhudumu bure kama dula ungali mwanagenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyemaliza, au anayekaribia kumaliza, masomo ya darasani ya udula na sasa anatafuta wajawazito wa kuwahudumia bila malipo ili atimize masharti ya cheti. Mjamzito aliyeahidiwa huduma ya namna hiyo na hajui kama aikubali, naye ana majibu yake karibu na mwisho.

Dula ni nani, na mpaka wake na mkunga uko wapi?

Dula ni mtu aliyefunzwa kukaa na mwanamke mfululizo wakati wa uchungu, akimsaidia kwa mikono, kwa maneno na kwa taarifa za kumwezesha kuamua mwenyewe. Neno lina asili ya Kigiriki, lenye maana ya mtumishi wa kike, na lilianza kutumika katika mambo ya uzazi miaka ya 1970 kupitia kwa mwanaanthropolojia Dana Raphael. Wengi huliandika doula.

Mkunga ndiye mwenye dhamana ya usalama wa kitabibu wa mama na mtoto. Dula hapimi njia, hapimi presha, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hatoi dawa, wala hapokei mtoto. Pia hamsemei mama mbele ya daktari. Humsaidia mama aseme. Ikiwa kazi yako ya kila siku ni uuguzi, sharti hili linakuhusu zaidi, kwa sababu mikono yako itataka kufanya ilichozoea. Siku uliyokwenda kama dula, wewe ni dula tu.

Kwa nini cheti kinadai nihudumie akina mama kwanza? Na wangapi?

Darasani unaweza kujifunza jinsi ya kukandamiza kiuno. Huwezi kujifunza saa ya kumi na nne ya uchungu ilivyo, wakati mama amechoka, mwenzi wake ameogopa na wewe mwenyewe miguu inauma. Ndiyo maana vyama vingi vya kutoa vyeti huomba ushahidi wa kuhudumia wazazi kadhaa. DONA International, chama cha madula kilichoanzishwa mwaka 1992, kwa muda mrefu kimetaka watatu.

Idadi ndiyo sharti rahisi. Yanayowaangusha wanagenzi ni masharti madogo yaliyo chini yake: ulifika uchungu ukiwa katika hatua gani, ulikuwepo mtoto anapozaliwa au ulikuwa nje, upasuaji unahesabiwa mara ngapi, jumla ya saa, fomu ya mama, fomu ya mkunga au daktari, maelezo yako mwenyewe, na muda wa mwisho wa kuwasilisha. Soma masharti hayo yote kabla ya kumtafuta mama wa kwanza, na uyaandike kwenye karatasi moja. Wapo waliokesha usiku kucha na mama, kisha wakagundua kuwa huduma hiyo haihesabiki kwa sababu walifika mama anasukuma tayari, au kwa sababu ilitangulia tarehe ya mafunzo.

Ni lazima huduma iwe bure?

Kwa kawaida hapana. Vyama vingi vinadai ushahidi wa huduma tu. Kama ulilipwa au hukulipwa ni juu yako. Kuna njia tatu: bure kabisa, kurudishiwa gharama zako tu, au ada ndogo ya mwanagenzi. Maoni yetu ni kwamba mama wa kwanza ahudumiwe bure, na wanaofuata wachangie kitu, walau nauli. Mtu anayechangia hata kidogo hujibu simu, hutunza miadi na hukupa taarifa mapema anapobadili nia.

Kabla hujatamka neno "bure", kokotoa mama mmoja atakugharimu nini: nauli za ziara tatu, nauli ya usiku, chakula chako cha siku nzima, mtu wa kukaa na watoto wako, na siku ya kazi utakayoikosa. Halafu weka kikomo. Sema "nitahudumia akina mama watatu bure, hadi mwezi fulani", na ukiandike kikomo hicho. Asiye na kikomo hujikuta ana orodha ya watu wanaomngoja na hana nguvu ya kumhudumia yeyote vizuri.

Kwa kuwa ni bure, naweza kupunguza huduma?

Hapana. Unaweza kuondoa bei. Huduma inabaki nzima. Mama hakukubali kuwa darasa lako, alikubali kupata msaidizi. Huduma kamili huwa na mambo haya: ziara mbili kabla ya kujifungua, kila moja ya dakika 60 hadi 90, kupatikana kwa simu kati ya ziara hizo, kuwa tayari kuitwa kuanzia wiki ya 38 hadi mtoto azaliwe, kukaa naye mfululizo uchungu unapokolea, kubaki saa moja au mbili baada ya mtoto kuzaliwa, na ziara moja nyumbani ndani ya wiki ya kwanza au ya pili.

Ziara ya kwanza ni ya kusikiliza. Muulize anaogopa nini, alijifunguaje mara zilizopita kama zipo, nani atakuwa chumbani, anapenda kushikwa au hapendi. Wapo wanaochukia kuguswa wakati wa uchungu, na ni vyema ulijue hilo mapema. Ziara ya pili ni ya mazoezi: mikao, pumzi, kukandamiza kiuno huku mwenzi wake akijaribu pia, na kupitia anachotaka kuwaambia wakunga. Mambo hayo yatoshe kwenye ukurasa mmoja. Mpango wa kurasa nne hakuna mkunga wa zamu atakayeusoma.

Mama wa kumhudumia nitampataje, na nani nisimchukue?

Waanzie wakufunzi wako, madula wazoefu wanaopokea maombi wasiyoyaweza, na makundi ya elimu ya wajawazito. Muda mzuri wa kukutana ni kati ya wiki ya 28 na ya 34: mimba ni kubwa kiasi cha mama kufikiria siku yenyewe, na bado mna nafasi ya kufahamiana.

Kwa mara ya kwanza, usimchukue dada yako wala rafiki wa karibu. Utaogopa kama ndugu badala ya kutulia kama dula. Mama aliyewahi kufiwa na mtoto, mwenye mimba ya mapacha, au msichana mdogo aliye peke yake anahitaji dula kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu asipewe mwanagenzi asiye na mkufunzi nyuma yake. Ukiombwa, mhudumie pamoja na dula mzoefu, au mtafutie mwingine.

Nimwelezeje kwamba bado najifunza?

Kwa maneno ya wazi, katika mazungumzo ya kwanza kabisa, na tena kwenye maandishi. Kwa mfano: "Nimemaliza mafunzo ya darasani. Sijapata cheti bado, na wewe utakuwa mama wangu wa pili. Ninaye dula mzoefu ninayeweza kumpigia simu wakati wowote. Sitakutoza. Ninachokuomba ni kunijazia fomu ya tathmini baadaye, ukitaka." Usiseme "nina cheti" wala "karibu nipate" ikiwa bado. Katika nchi nyingi jina la dula halilindwi kisheria, kwa hiyo uaminifu wako ndio kinga pekee aliyo nayo mama.

Tunahitaji makubaliano ya maandishi wakati hakuna fedha?

Ndiyo, tena hapa yanahitajika zaidi, kwa sababu pasipo fedha kila mtu hudhani mwenzake ameelewa. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Andika huduma utakazotoa, mambo usiyofanya, tarehe za kipindi cha kuitwa, jina la dula wa akiba, nani analipa nauli, utakaa saa ngapi kabla ya kupokewa na wa akiba uchungu ukirefuka, na taarifa zipi utaziwasilisha kwa chama cha vyeti. Jina la mama lisiwemo kwenye kumbukumbu zako za mafunzo. Tumia herufi au namba.

Ongeza mistari miwili ambayo wengi huisahau. Wa kwanza: mama anaweza kusitisha huduma siku yoyote bila kueleza sababu. Wa pili: kujaza tathmini ni hiari. Ukiifanya tathmini iwe malipo, hutapata ukweli ndani yake.

Niishije katika kipindi cha kuitwa?

Watoto wachache sana huzaliwa siku ile ile iliyokadiriwa. Kwa hiyo jihesabie wiki nne hadi tano ambazo simu yako haizimwi, hata usiku, hulewi wala husafiri mbali zaidi ya mwendo wa saa moja, na mkoba uko mlangoni. Mkoba wenyewe uwe mwepesi: nguo za kubadilisha, viatu visivyo na kelele, chaja, maji na chakula chako kisicho na harufu kali, mafuta ya kukandia yasiyo na manukato, kitambaa cha kukanda kwa maji moto au baridi, mswaki, daftari na zile fomu.

Usichukue akina mama wawili ambao tarehe zao zimekaribiana kwa chini ya wiki tatu au nne. Mmoja atachelewa, mwingine atawahi, na wote wataumwa usiku mmoja. Dula wa akiba lazima awe ameshaonana na mama, hata kwa simu ya video. Sura ngeni saa tisa usiku haisaidii. Naye ukubaliane naye wazi kama anakuja bure au utamlipa wewe.

Niende lini?

Mama anapokuhitaji. Kipimo ambacho wengi hukitumia kwa mzazi wa kwanza ni mikazo inayorudi kila dakika 5, inayodumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Mkazo huhesabiwa tangu mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Wengi hukosea wakihesabu tangu unapoisha, na muda unaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Hatua ya mwanzo ya uchungu inaweza kuchukua siku nzima au zaidi kwa mzazi wa kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu kwamba uchungu mkali umeanza mlango wa kizazi ukifikia sentimita 5. Mwanagenzi mwenye shauku humkimbilia mama kwenye mkazo wa tatu tu, na kufikia wakati wa kuhitajika kweli amekwisha kuishiwa nguvu. Katika hatua ya mwanzo msaidie kwa simu: ale, anywe, alale akiweza, aendelee na shughuli ndogo za nyumbani. Lakini mzazi wa pili na kuendelea anaweza kwenda haraka sana. Kwake usingoje hesabu itimie.

Nikiwa chumbani nifanye nini hasa?

Anza kwa kutofanya. Ingia polepole, msalimu mkunga, jitambulishe kwa sentensi moja, kisha mtazame mama kwa mikazo miwili mitatu. Usimsemeshe mkazo unapokuwa juu. Maneno yasubiri ushuke.

Maumivu yakikaa kiunoni, tafuta mfupa bapa ulio juu kidogo ya kifandugu. Weka kitako cha kiganja hapo na usukume kuelekea ndani, kwa nguvu ya kudumu, tangu mkazo unapoanza hadi unapoisha. Nyoosha kiwiko na uegemee kwa uzito wa mwili. Anayetumia misuli ya mkono huchoka ndani ya saa moja. Nguvu ipangwe na mama: muulize "zaidi au pungufu?" na yeye ajibu kwa neno moja. Njia nyingine ni kubana nyonga: mama amepiga magoti na kuegemea mbele, wewe weka viganja pande mbili kwenye nyama nene ya makalio, ubane kuelekea katikati na juu kidogo. Kwa njia hii ukikosea mahali, ukabana kiuno badala ya nyonga, mama hatapata nafuu na ataona inamuudhi. Shusha mikono.

Mkumbushe abadili mkao kila nusu saa hivi: kusimama na kuegemea, kupiga magoti, kulala ubavu na mto katikati ya magoti, kukaa kwenye mpira. Mpira wa sentimita 65 huwafaa wengi. Mrefu sana huhitaji wa 75. Alama ya kwamba unamfaa ni nyonga kuwa juu kidogo ya magoti, na mtu asimame karibu naye asije akateleza. Mama aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongo naye hugeuzwa, kwa msaada na ruhusa ya mkunga.

Kibofu husahaulika na wote. Kikijaa huzuia kichwa cha mtoto kushuka na huongeza maumivu, hivyo mkumbushe kukojoa kila saa moja au mbili. Mpe maji mafundo machache baada ya mkazo, kama mkunga ameruhusu. Akianza kuona kizunguzungu na vidole vinamwasha, anapumua kwa kasi mno: pumua naye, ukirefusha pumzi ya kutoa, mabega yakiwa yamelegea na taya halikukazwa.

Mwenzi wake asigeuzwe mtazamaji. Mwonyeshe mahali pa kukandamiza, mkono wake ushike pale, wewe uende upande wa pili. Anayezaa atamkumbuka yeye, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mimi bado sina uzoefu. Kweli nitamfaa kitu?

Utamfaa. Majaribio ya awali ya kumpa mama msaidizi wakati wa uchungu, yaliyofanyika Guatemala, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1980 na madaktari wa watoto John Kennell, Marshall Klaus na wenzao, yalitumia wanawake wa kawaida wasio wahudumu wa afya, ambao hata hawakufahamiana na wazazi waliowahudumia. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, na yakaona kwamba wanaosaidiwa mfululizo huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, hufanyiwa upasuaji mara chache zaidi, na uchungu wao huwa mfupi kidogo. Angalia neno "mfululizo". Anayetoka kila baada ya dakika 20 kujibu simu hana anachokijenga, awe na cheti au asiwe nacho.

Mkunga au hospitali ikikataa niingie?

Uliza wiki kadhaa mapema, wala si siku ya uchungu. Hospitali nyingi huruhusu msindikizaji mmoja tu, na hapo mama ndiye anayechagua. Akimchagua mume au mama yake, wewe msaidie huyo kwa simu. Ukikataliwa mlangoni, usibishane. Ugomvi wako utamwangukia mama aliye kitandani. Hata ukiwa ndani, simama upande wa kichwa cha mama, pisha vifaa, na ukiona jambo linalopingana na matakwa yake, mgeukie yeye: "Ulisema ungependa kuuliza kuhusu hili. Unataka kuuliza sasa?"

Nikiona dalili ya hatari kabla hatujafika hospitali?

Usipime, usitafute chanzo, usimwambie asubiri aone. Damu nyingi, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, homa, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka na maji yakawa ya kijani au kahawia, kamba ya kitovu cha mtoto kuonekana ukeni: kila moja ni sababu ya kumpigia mkunga na kwenda hospitali wakati huo huo. Kitovu kikitoka, mama apige magoti, kichwa na kifua chini, makalio juu, msaada ukiwa njiani, na kitovu kisisukumwe ndani wala kushikwashikwa.

Ikiwa ni upasuaji?

Kazi haijaisha. Kabla ya chumba cha upasuaji mweleze atakayosikia na kuyahisi: baridi, mwanga, kuvutwavutwa bila maumivu. Huenda usiruhusiwe kuingia. Mngoje pale atakapotolewa, kwa kuwa msaada wa kumlaza mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na wa kumweka titini katika saa ya kwanza unahitajika hapo kuliko popote. Kuhusu cheti, wengi huhesabu upasuaji uliotokea baada ya uchungu uliouhudumia, na si ule uliopangwa. Hakikisha kwa chama chako.

Mama asiponiita, au akighairi?

Hutokea mara nyingi, na zaidi palipo bure. Mwingine hujifungua haraka, mwingine huona aibu kukuamsha usiku. Dawa ya hiyo aibu ni kumwambia katika ziara ya pili: "Ukijiuliza kama ni mapema mno kunipigia, basi nipigie." Asipokuita, mpongeze, mfanyie ziara ya baada ya uzazi uliyoahidi, na usimwombe fomu.

Fomu nizipateje bila kuwasumbua watu?

Jaza mapema kila kinachojazika: tarehe, jina lako, namba ya mafunzo. Mkunga abakiziwe sehemu yake fupi tu. Mwombe mtoto akiwa kifuani na kazi imetulia, lakini kabla ya mabadiliko ya zamu. Ukingoja kesho hutampata tena. Asipotaka kusaini, shukuru, na ukiulize chama chako kama mtoa huduma mwingine aliyekuwepo anaweza. Saa za matukio ziandike wakati huo huo: ulifika, mkao ulibadilika, chupa ilipasuka, alianza kusukuma, mtoto alizaliwa. Maelezo yako ya kirefu yaandike ndani ya saa 48, kumbukumbu ikiwa ingali nzima.

Mtoto akifariki?

Kaa. Usitafute la kusema. "Pole sana, nipo" yanatosha. Mwite mtoto kwa jina lake kama wamempa. Uliza kama wangependa kumshika au kupigwa picha naye, na wape muda wa kujibu. Ukitoka, mpigie mkufunzi wako siku hiyo hiyo, kwa sababu nawe umebeba kitu. Fomu za tathmini wala usizitaje.

Mimi ni mjamzito. Nimkubali dula mwanagenzi?

Mhoji kwanza. Amehudumia wangapi? Nani mkufunzi wake, na anapatikana usiku? Wa akiba ni nani? Atafanya nini uchungu ukizidi saa 24? Taarifa zako atazihifadhi wapi na atazifuta lini? Akijibu "sijui, nitauliza" kisha akarudi na jibu, huo ni mwanzo mzuri. Akikuahidi kuzaa bila maumivu au bila upasuaji, au akianza kukushawishi usiende hospitali, mwache.

Nikipewa zawadi?

Ndogo, pokea kwa shukrani. Kubwa au fedha, rudi kwenye makubaliano yenu mliyoyaandika. Kama hayakusema kitu, kataa kwa upole au ipeleke kwenye nauli za mama atakayefuata, na umwambie mtoaji ulivyofanya.